Uzi maalumu: Risasi za .22 zimeadimika Dar, tunaolenga shabaha na kuwinda ndege tunafanyaje?

#1 Mwenye BRNO (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita niliwahi renji (uwanja wa kulenga shabaha) asubuhi, jua halijaanza kuchoma. Nikafungua pakiti yangu ya mwisho ya .22, hizi risasi ndogo za upana wa inchi 0.22, ile pakiti ya hamsini, nikakuta zimebaki kumi na nane. Nikazisimamisha mezani moja moja, vichwa vya kijivu, na ile nta inayong'ang'ania vidoleni ukishazigusa. Nikahesabu mara mbili. Nikafyatua tano tu, nikafunga begi, nikapanda daladala ya mawazo hadi Tabata.

Nilikuwa nimeshazunguka mjini. Duka la kwanza wakasema mzigo uko njiani. La pili wamekuwa wakisema hivyo hivyo toka mwezi wa tatu. La tatu walikuwa na pakiti mbili, na kwa bei waliyonitajia, zamani ningeondoka na pakiti nne na chenji ya nauli.

Naandika uzi huu kwa sababu naona wenzetu wamegawanyika. Wapo walioiweka bunduki kabatini mpaka mtutu umeanza kutu. Na wapo walioanza kuulizia "mtu wa pembeni". Yote mawili yananiuma. Bunduki yangu hii, aina ya BRNO, aliniachia marehemu baba. Nimehangaika na serikali ya mtaa, nimehojiwa polisi, nimekaa miezi mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Siwezi kukubali iwe pambo, na siwezi kukubali initoe kwenye mstari wa sheria.

Kwanza, kwa nini hizi ndogo ndizo zinazopotea kabla ya nyingine. Risasi kubwa ina fataki yake, yaani kiwashio cha baruti, katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 haina. Dawa ya kuwashia imepakwa ndani ya ule ukingo wa ganda: kiwandani wanaiweka ikiwa mbichi, ganda linazungushwa kwa kasi hadi dawa inajaa ukingoni, ndipo inakaushwa. Ni mitambo yake peke yake. Mwenye kiwanda hawezi kuamka asubuhi akageuza mtambo wa milimita 9 utoe .22. Kwa hiyo watu wakinunua kwa hofu, viwanda haviwezi kuongeza kasi haraka. Wamarekani walilionja hilo baada ya Desemba 2012: rafu za .22 zilikauka, na hali ilichukua miaka kutengemaa. Likarudi 2020 wakati wa korona. Wao ndio soko kubwa, wakikohoa sisi wenye maduka machache hapa tunaingia kitandani. Tena mzigo wenyewe ni baruti. Una kanuni zake za kusafirishwa, una vibali kila hatua. Mfanyabiashara hawezi kuhangaika hivyo kwa pakiti ishirini.

Basi nimejiwekea utaratibu. Risasi ya kweli naitumia pale tu ninapotaka jibu ambalo nyumbani siwezi kulipata. Kushika bunduki, kupumua, kubana kifyatuo bila kuitikisa, vyote hivyo havihitaji baruti.

Kila usiku, dakika kumi na tano. Risasi zimefungiwa chumba kingine, ufunguo mfukoni. Nafungua bolti (komeo la bunduki), naangalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, naingiza kidole, naangalia tena. Ukutani upande wa uani, ambako nyuma yake kuna tofali na hakuna anayepita, nimebandika karatasi yenye nukta nyeusi ya milimita 11. Nakaa mita tano. Namba hiyo sikuiokota: duara jeusi la karatasi ya mashindano ya mita 50 lina upana wa milimita 112, na mita tano ni sehemu moja ya kumi. Jicho linaona kitu kile kile.

Bunduki ikiwa juu ya mfuko wa mchanga, naweka sarafu ya mia mbili, ile ya simba, juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele. Nabana. Sarafu ikianguka, najua ni kidole changu. Wiki ya kwanza ilianguka karibu kila mara. Sasa nabana mara kumi, inaanguka mara moja au haianguki kabisa.

Angalizo kubwa hapa: .22 usiifyatue tupu. Pini inagonga ukingoni, na kama hakuna ganda, kwenye bunduki nyingi za zamani inakutana na chuma cha mdomo wa chemba. Baada ya muda panatokea kovu, risasi zinagoma kuingia au maganda yanagoma kutoka. Mimi natumia plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani, zile ndogo za njano. Nilikwenda madukani eneo la Gerezani na ganda tupu mfukoni, nikajaribu moja baada ya nyingine mpaka nikapata inayokaa chembani bila kulazimishwa. Plagi moja inapigwa mara kadhaa, unaigeuza kidogo, ikichakaa unatupa. Usije ukaingiza ganda lililokwisha kupigwa ukadhani ni sawa, ukingo wake umeshabonyea.

Wengine mnafanyaje?

#2 Kijana wa Ukonga

Mkuu, uzi mzuri. Ila kwa nini tusijaze upya maganda? Watu wa shotigani wanajaza. Kuna fundi nimesikia anaweza.

#3 Mwenye BRNO (mwanzisha uzi)

Mdogo wangu, hapana. Nasema hapana kwa upendo. Ganda la shotigani au la raifo kubwa unaling'oa fataki iliyopigwa, unaweka mpya. La .22 fataki yake ni ule ukingo wenyewe, na ukishagongwa umekunjika, na shaba yake ni nyembamba kama karatasi ngumu. Huyo fundi atakuwa anachezea dawa inayolipuka kwa msuguano, jikoni kwake, watoto wamekaa sebuleni. Kisha kuna sheria: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Utapoteza vidole na utapoteza kitabu cha leseni. Maganda ya .22 okota, wape wanaonunua shaba chakavu.

#4 Mstaafu wa Gongo la Mboto

Vijana, nimesoma, nimefurahi. Mimi nimefundisha shabaha miaka mingi kabla ya kustaafu. Kuruta tulikuwa tunamlaza chini na bunduki tupu wiki nzima kabla hajaonja risasi moja. Analalamika, anasema amekuja kupiga, hakuja kulala. Siku ya renji ndipo anaelewa.

Naongeza mambo mawili ya kubana matumizi.

Ukifunga darubini mpya, au ukiwa umeifungua kwa sababu yoyote, usianze kuitafuta kwa risasi. Toa bolti. Weka bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga, itulie kabisa. Chungulia kwa nyuma ndani ya mtutu, uione karatasi ya shabaha umbali wa mita 25 katikati ya tundu. Bila kuigusa bunduki, zungusha vitasa vya darubini mpaka msalaba ukae pale pale. Risasi ya kwanza itatua kwenye karatasi, ya pili na ya tatu zinakupa marekebisho. Nimeona watu wanamaliza pakiti nzima wakitafuta karatasi.

La pili, risasi iliyogoma. Sasa hivi watu wanachimbua pakiti za zamani kwenye makabati, na za zamani hugoma. Pini imegonga, kimya. Usifungue! Mtutu uelekee shabaha, hesabu polepole mpaka thelathini, maana kuna zinazochelewa. Kisha fungua, tazama alama ya pini ukingoni, izungushe risasi nusu mzunguko, irudishe. Mara nyingi dawa ilikosekana pale tu ilipogongwa, upande wa pili ipo. Ikigoma tena, iache, usiilazimishe, wape wasimamizi wa renji waiharibu wao.

#5 Mwenye BRNO (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee. Hilo la kuchungulia mtutu nilikuwa silijui, nitalifanya keshokutwa.

#6 Baharini Kigamboni

Wakuu, tuzungumzie kutunza. Mimi niko Kigamboni, hatua chache na bahari. Mwaka jana nilipoteza pakiti tatu nzima kwa uzembe wangu. Niliziacha kwenye boksi la karatasi juu ya kabati, karibu na dirisha. Nilipozifungua, vichwa vimetoa unga mweupe na maganda yana madoa ya kijani. Karibu nusu ziligoma.

Risasi ya .22 haikubanwa sana pale kichwa kinapoingia kwenye ganda. Kichwa na ganda vina upana karibu sawa, na unyevu unapenya kirahisi kuliko kwenye risasi kubwa. Hewa yetu ya chumvi haisamehi. Sasa naziweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira, ndani natupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha kopo linaingia kwenye sefu. Na tafadhali, msipake risasi mafuta. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu yanapenya hadi kwenye dawa na kuiua. Bunduki ndiyo inayopakwa, na kidogo tu, chembani pafutwe pakauke kabla ya kupiga. Msiziache pia kwenye buti la gari mchana kutwa, jua la Dar mnalijua.

#7 Kwale wa Kisarawe

Mimi ni mwindaji zaidi kuliko mlengaji. Nakata leseni yangu kila msimu, nakwenda na wenzangu tunapopangiwa. Kwa upande wetu uhaba huu umenirudisha kwenye shotigani. Kanga na kwale ndio ndege wa shotigani tangu zamani. Chembe ndogo zinatawanyika, hazifiki mbali, na ganda lake bado linapatikana mjini. Nilikuwa napenda .22 kwa sababu haina kelele na haiharibu nyama. Lakini niseme ukweli: nilipokuwa na risasi nyingi nilikuwa najaribu mapigo ambayo sikupaswa kuyajaribu. Kanga yuko mita 80, upepo unavuma, mimi huyo nafyatua. Anaruka na jeraha anakwenda kufia kichakani, hakuna anayemla isipokuwa fisi. Ukiipatanisha .22 ipige pale unapolenga kwa mita 50, kufika mita 100 imeshashuka kama sentimita 15 au zaidi. Kichwa cha kanga kina ukubwa gani?

Sasa nimejiwekea mpaka: mita 50, ndege ametulia, nyuma yake kuna udongo. Nisipopata hayo matatu, nashusha bunduki. Na hilo la udongo nalikazia. Pakiti zenyewe zimeandikwa onyo la maili moja, nyingine maili moja na nusu. Kirisasi hiki cha madini laini ya risasi kinadunda juu ya maji na juu ya ardhi ngumu kama jiwe la mtoto anayechezea bwawani. Nyuma ya kichaka usichokiona kuna mtu anakata mkaa.

Na vijana mnaoniuliza inboksi kuhusu Pugu na Kazimzumbwi: kule ni msitu wa hifadhi, hakuna kuwinda, iwe kwa .22 au kwa manati. Leseni ya uwindaji na ya silaha ni vitu viwili tofauti, moja haikupi nyingine. Nendeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori), muelezwe eneo, msimu na aina ya bunduki inayoruhusiwa kwa mnyama gani.

#8 Mama Shamba Mkuranga

Kaka zangu, mimi sikuelewa nusu ya mliyoandika lakini nimefika kwa sababu ya shida. Nina mihogo na mahindi Mkuranga, ngedere wananimaliza. Marehemu mume wangu alikuwa na .22, ipo polisi mpaka sasa. Watu wananiambia nikaichukue niwatie adabu. Risasi nazo ndiyo hivyo hazipo. Nifanyeje?

#9 Kwale wa Kisarawe

Pole dada, na pole kwa msiba. Umefanya vizuri kuiacha polisi. Silaha ya marehemu hairithiwi kama jembe. Anayeitaka anaomba leseni upya kwa jina lake. Na ngedere ni mnyamapori, huwezi kumpiga kwa kuwa tu umekasirika. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, wao wana utaratibu. Kwa sasa mbwa wawili wazuri na mtu wa kukaa shambani asubuhi na jioni watakusaidia kuliko risasi. Ukimwua ngedere mmoja leo, wenzake kesho asubuhi wapo.

#10 Fundi wa Vitako

Naomba kuonya jambo ambalo nimeliona kwa macho. Mteja kaja na bunduki, analalamika maganda yanapasuka. Kuangalia mtutu: umeandikwa .22 magnum. Yeye kapata .22 LR (Long Rifle), hizi za kawaida, akaona zinaingia, akafurahi. Zinaingia kwa sababu ganda la LR ni jembamba, milimita 5.7, wakati chemba ya magnum ni ya ganda la karibu 6.1. Linapanuka, linapasuka, gesi inarudi usoni. Alikuwa amevaa miwani, Mungu mkubwa. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, si kilichoandikwa kwenye kumbukumbu yako, na duka likikupa "mbadala" kataa.

#11 Kijana wa Ukonga

Nimewaelewa kwenye kujaza. Je, shemeji yangu anarudi kutoka Afrika Kusini mwezi ujao. Huko zipo. Akitia pakiti chache kwenye begi?

#12 Mwenye BRNO (mwanzisha uzi)

Asitie. Mashirika ya ndege yanayokubali risasi za michezo yanataka zitangazwe mapema, zifungwe vizuri, zisizidi kilo 5 kwa abiria, na shirika lenyewe liridhie. Hiyo ni ndege tu. Kutoka kule anahitaji kibali cha kutoa, na hapa kibali cha kuingiza kabla hajapanda, tena kwa mtu mwenye leseni ya bunduki ya aina hiyo. Shemeji yako atakamatwa pale uwanja wa ndege wa JNIA mbele ya watoto wake kwa ajili ya pakiti ambazo ungezimaliza Jumamosi mbili.

Kinachowezekana ni hiki, na sisi renji tumeshaanza. Tumeorodheshana watu kumi na moja wenye leseni za .22. Kila mmoja kaandika anahitaji pakiti ngapi kwa mwaka, kwa kadiri leseni yake inavyomruhusu. Tukampelekea mwenye duka orodha kwa pamoja. Kila mtu atanunua kwa kitabu chake, hakuna kununuliana, hakuna kugawiana. Lakini mwenye duka sasa anaona idadi ya kumfanya aingize .22 kwenye oda yake badala ya kukisia. Alituambia wazi kwamba hakuna aliyewahi kumfuata hivyo.

Tumemwomba pia alete aina moja, na ikiwezekana toleo moja. Kila bunduki ina chakula chake. Yangu inapenda za mwendo wa kawaida, zile zinazotoka chini ya kasi ya sauti. Ukiipa za kasi, matundu yanatawanyika na yanahama juu. Ukiokota pakiti moja ya huku na moja ya kule, kila mara unachoma risasi tano kuipatanisha upya. Wakati wa uhaba hizo tano ni mazoezi ya wiki.

#13 Dada wa Mita Kumi

Hamjataja bunduki ya upepo! Mimi ndiyo niliyoanzia na sijaiacha. Risasi zake za milimita 4.5 zinakuja kwenye kopo la mia tano, na mita 10 za mashindano zinapatikana hata kwenye korido ndefu. Mashindano ya upepo ya mita 10 yako Olimpiki toka 1984, na ile alama kumi yake ni nukta ya nusu milimita, ncha ya kalamu. Risasi ya upepo inatoka polepole, kwa hiyo ukitikisika baada ya kubana, inakusema. Nikirudi kwenye .22 naona imekuwa rahisi.

Ila kabla hujanunua, pita kwa afisa anayeshughulikia silaha wilayani kwako umwonyeshe unachotaka kununua na umuulize taratibu. Na si mchezo wa watoto. Nyuma ya shabaha nimeweka sanduku la mbao lililojaa matambara ya jinsi, na wote chumbani tunavaa miwani.

#14 Mstaafu wa Gongo la Mboto

Huyu binti amesema kweli tupu. Mwanangu, matambara ya jinsi yanazuia vizuri?

#15 Dada wa Mita Kumi

Shikamoo baba. Yanazuia, ila nyuma yake kuna ubao mnene na kipande cha bati. Kila mwezi nayafungua nayapanga upya, katikati panachoka kwanza.

#16 Mwenye BRNO (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Zile kumi na tatu zilizobaki nimepiga tano tu. Mzee, nilitoa bolti kama ulivyosema. Nilikaa karibu nusu saa nikichungulia na kuzungusha, jirani wa meza ya pili akaja kuuliza kama bunduki imeharibika. Risasi ya kwanza mita 25: vidole viwili kushoto, usawa sahihi. Nikarekebisha. Ya pili ndani ya jeusi. Kisha nikahama mita 50, nikapiga tatu, nikipumzika kati ya moja na nyingine kama vile ni za mwisho duniani. Matundu matatu, nimeyafunika yote kwa sarafu ile ile ya mia mbili. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu, nikiwa na pakiti nzima mezani, matundu yangu yalikuwa yanahitaji kiganja.

Karatasi nimeiandika tarehe, aina ya risasi na upepo, nimeibandika kwenye daftari.

Mwenye duka naye amepiga simu jana. Oda imekwenda na .22 zimo, ila hajui mwezi gani zitafika na hakutaka kunidanganya. Nimemshukuru kwa hilo.

Zimebaki nane. Jumamosi saa moja asubuhi nipo renji. Mzee wa Gongo la Mboto, nakuletea plagi kumi na mbili za njano, nimezipima kwenye ganda.